Kliniki ya Ada ya Mwezi: Ambayo Daktari Anapaswa Kuyajua Kabla ya Kuaga Hospitali

Hazipiti wiki nyingi kabla sijapigiwa simu na daktari mwenzetu wa huku Marekani, Mkenya wa Minnesota au Mtanzania wa Maryland, na salamu zikiisha swali huwa lile lile: "Hivi hiyo kliniki yako isiyopokea bima, inalipa kweli?" Sasa inalipa. Ilichelewa sana kulipa, na katika kuchelewa huko nilijifunza mambo ambayo hayafundishwi Muhimbili nilikosomea wala huku Texas nilikofanyia ubingwa wa udaktari wa familia. Nimechoka kuyarudia kwenye simu, hivyo nayaandika.

Kliniki yangu iko Arlington, katikati ya Dallas na Fort Worth. Ni vyumba vitatu, msaidizi mmoja na mimi. Mgonjwa anayekuja kwangu ni mwanachama. Analipa kila mwezi: mtoto dola 15 akiwa na mzazi, kijana mtu mzima dola 60, aliyepita miaka 45 dola 75, mzee dola 90. Kwa ada hiyo ananiona kila anapohitaji, ananipigia, ananitumia ujumbe na picha, na mlangoni hadaiwi senti. Kipimo cha mkojo, cha sukari, cha umeme wa moyo, kushonwa kidonda, vyote vimo humo. Wamarekani huuita utaratibu huu Direct Primary Care, kwa kifupi DPC. Usiuchanganye na madaktari wa matajiri wanaotoza maelfu kwa mwaka halafu wakaidai na bima juu yake. Ulianzia Seattle, jimbo la Washington likautungia sheria mwaka 2007, na Texas ikafuata mwaka 2015 kwa sheria inayosema wazi kwamba mkataba wa namna hii si bima na daktari anayeutoa si kampuni ya bima.

Mama mmoja wa Bukavu aliuelewa haraka kuliko mhasibu wangu. "Ni kama abonema ya Canal, munganga," aliniambia, yaani daktari, ni kama televisheni ya kulipia. "Uangalie, usiangalie, mwezi ikiisha unalipa." Ndivyo hasa, na ndipo ugumu ulipo, kwa sababu mtu hukata kisimbuzi mwezi ule anapoona hakuna anachotazama.

Daktari wa familia wa kawaida mwenye mikataba na kampuni za bima huwa na wagonjwa 2,000 au zaidi kwenye orodha yake. Sisi wa ada ya mwezi wengi tunaishia kati ya 400 na 600. Tofauti hiyo ndiyo bidhaa pekee niliyonayo dukani. Dawa si yangu, maabara si yangu, hospitali si yangu. Ninachouza ni kupatikana.

Sikuondoka hospitali kwa sababu nilikuwa shujaa. Nilikuwa naona wagonjwa zaidi ya 20 kwa siku, dakika 15 kila mmoja, na malipo yangu yalihesabiwa kwa pointi za kazi iliyoandikwa kwenye kompyuta. Mwaka 2016 jarida la Annals of Internal Medicine lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kwa kila saa moja daktari anayokaa na mgonjwa, karibu saa mbili nyingine zinaishia kwenye kompyuta na kazi za mezani. Niliusoma saa nne usiku nikiwa nimefungua mafaili ya mchana kwenye meza ya chakula. Kilichonikera zaidi kilikuwa wagonjwa wetu wenyewe. Mswahili hamalizi salamu kwa dakika tatu. Atakuuliza habari za nyumbani, atakueleza goti, atakueleza mafua ya mtoto, na lile lililomleta hasa, damu anayoiona chooni au mume anayempiga, atalitaja ameshika kitasa cha mlango anaondoka. Dakika 15 zinaisha kabla ya kitasa.

Sasa niyaseme kwa mpangilio yalivyotokea, kuanzia la kwanza kabisa, ambalo madaktari waliozaliwa hapa hawalijui: viza. Kama ulifanya ubingwa kwa viza ya mafunzo ya J-1, unatakiwa urudi nyumbani miaka miwili au upate msamaha, na wengi wetu tunaupata kwa mpango wa Conrad 30, ambao kila jimbo lina nafasi 30 kwa mwaka. Bei yake ni miaka mitatu ya kazi ya muda wote katika eneo lenye uhaba wa madaktari, kwa mwajiri aliyetajwa kwenye makaratasi. Katika miaka hiyo uko kwenye viza ya kazi ya H-1B na huruhusiwi kujiajiri pembeni, hata kwa jioni mbili za wiki. Nimeshapigiwa simu na kijana aliyekuwa tayari amelipia pango la chumba huku akiwa mwaka wa pili wa msamaha. Nilimwambia avunje mkataba wa pango siku hiyo hiyo na aende kwa mwanasheria wa uhamiaji. Ndoto ya kliniki inaanza baada ya kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, si kabla.

La pili ni mkataba wa kazi unayoiacha. Usome kabla hujamwambia mtu yeyote kazini. Wangu ulikuwa na kifungu cha kutoshindana: mwaka mmoja, maili 15 kutoka kila kliniki ya mwajiri, siyo ile tu niliyokuwa nafanyia kazi. Ukizichora duara zile kwenye ramani ya Dallas na Fort Worth, kilichobaki wazi kilikuwa uwanja wa ndege na maziwa. Serikali kuu ilijaribu kupiga marufuku vifungu hivyo nchi nzima mwaka 2024, na mahakama ya hapa hapa Dallas ikaitengua kanuni hiyo Agosti mwaka ule ule. Sheria ya Texas kwa bahati ilitaka tangu zamani mkataba wa daktari uwe na fedha ya kujikomboa, na mimi nilijikomboa. Ilinikata maini, sitaki kusema uongo. Anayesaini leo ana afadhali: kwa mikataba ya kuanzia Septemba 2025, sheria mpya ya jimbo imeweka ukomo wa mwaka mmoja, maili tano kutoka mahali unapofanyia kazi zaidi, na fedha ya kujikomboa isiyozidi mshahara wako wa mwaka. Kama mkataba wako ni wa zamani, hesabu zako ni za zamani.

Ndani ya mkataba huo huo tafuta bima ya makosa ya kitabibu na uulize ni ya aina gani. Nyingi za waajiri hulipa tu madai yanayoletwa bima ikiwa bado hai. Ukiondoka leo, na mgonjwa wa mwaka jana akakushtaki mwakani, uko mtupu, labda mtu anunue bima ya ziada ya kufunika uliyoyaacha nyuma. Bei yake inaweza kuwa mara mbili ya ada ya bima ya mwaka mzima. Nani anainunua, wewe au mwajiri? Imeandikwa pale, kwa herufi ndogo. Swali hili liulize siku ya kuajiriwa, maana siku ya kuaga huna nguvu ya kujadiliana na mtu.

Na wagonjwa wako? Kanuni za bodi ya madaktari ya Texas zinataka wajulishwe daktari anapoondoka. Barua ilitumwa, na ilisema nimeondoka na kwamba madaktari wengine hodari wapo. Ninakokwenda haikutaja. Wengi walidhani nimerudi Tanzania. Mmoja niliyekutana naye sokoni alinikumbatia akilia, alisikia nimefariki.

Usajili wa kampuni, namba ya kodi, leseni ya dawa zinazodhibitiwa ya DEA, ambayo ni dola 888 kwa miaka mitatu, cheti cha CLIA cha vipimo vidogo: hayo yanachosha ila hayaui. Fuata orodha, lipa, subiri. Ramani na maelezo ya sheria za kila jimbo zipo bure kwenye DPC Frontier, na chama cha madaktari wa familia, AAFP, kina miongozo mizuri. Mwanasheria mlipe kwa jambo moja tu la lazima, ule mkataba wa uanachama.

Medicare, bima ya afya ya serikali kuu kwa wazee, ndiyo inayoua, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ukiwa umesajiliwa Medicare, huruhusiwi kumtoza mzee mwenye Medicare ada kwa huduma ambazo Medicare inazilipia. Ili umpokee kama mwanachama lazima ujitoe rasmi: unatuma kiapo cha maandishi, na kila mzee anasaini mkataba binafsi unaosema wewe wala yeye hamtaidai Medicare kwa kazi yako. Kama ulikuwa na mkataba kamili nao, kujitoa kunaanza mwanzo wa robo ya mwaka, na kiapo kifike siku 30 kabla. Kunadumu miaka miwili, na siku hizi kunajirudia kwenyewe usipokusimamisha. Ukijitoa kwa mara ya kwanza una siku 90 za kubadili mawazo. Baada ya hapo umeingia.

Ubaya wake hauko kwenye kliniki yako, uko kwenye kibarua chako cha pembeni. Kujitoa kunamfuata daktari, hakufuati jengo. Mwenzangu mmoja wa Houston alituma kiapo mwezi wa kwanza kwa furaha ya kufungua, kisha akaenda zamu yake ya wikendi kwenye kituo cha huduma za haraka, akaambiwa hawawezi kumtumia tena kwa sababu nusu ya wagonjwa wao ni wa Medicare. Zile zamu ndizo zilikuwa zinalipa mkopo wa nyumba yake. Mimi nilimsikia kabla sijatuma changu. Nikaacha kiapo kwenye droo, nikafungua bila kusajili mzee yeyote mwenye Medicare, nikaendelea na zamu hadi kliniki ilipoweza kusimama, ndipo nikajitoa. Kama umeshajitoa na bado unahitaji fedha ya pembeni, tafuta mahali Medicare haidaiwi: jela za kaunti, vituo vya wanajeshi wastaafu, uchunguzi wa kazini. Mimi nilifanya jela kwa muda mrefu. Wagonjwa wa jela, kwa taarifa yako, husalimia vizuri kuliko madaktari wa hospitali.

Jambo moja linalowatia watu hofu bure: daktari aliyejitoa anaweza bado kumwandikia mzee vipimo, rufaa na dawa, na Medicare inalipa huko vinakofanyika. Waeleze wazee hivyo kabla hawajasikia vingine kwa jirani.

Tuje kwenye fedha. Gharama zangu za mwezi, pango, msaidizi, bima, programu ya kumbukumbu, vifaa, mhasibu, zilikuwa kama dola 9,500. Wastani wa ada kwa kichwa, ukichanganya watoto na wazee, ulikuwa dola 55. Gawanya: wanachama 175 hivi ndipo kliniki inajilipia yenyewe, na mimi bado sijala. Waliokuja mwezi wa kwanza hawakujaza basi dogo la abiria. Baada ya hapo waliongezeka kumi na kitu kwa mwezi, wengine wakitoka. Mwaka wa kwanza wote kliniki ilikuwa inakula akiba yetu.

Watu huniuliza kuhusu hofu. Hofu ilikuwa kimya cha saa nne asubuhi. Umezoea mbio za hospitali, sasa umekaa kwenye chumba safi, stetoskopu mpya shingoni, simu hailii. Msaidizi wangu alipanga upya kabati la bandeji hadi nikamwambia aliache. Nilianza kufikiri kwamba watu wananikimbia mimi, si bei. Mume wangu ni muuguzi, na bima ya afya ya familia ilibaki kwenye kazi yake. Ndiyo, daktari asiyepokea bima anaishi kwa bima ya mumewe, na bila bima hiyo nisingethubutu. Kama mwenzako hana kazi yenye bima, tia kwenye hesabu bei ya kuinunua sokoni kwa watu wote wa nyumbani. Weka pia akiba ya matumizi ya nyumbani ya mwaka mzima, isiyoguswa na kliniki. Kodi ya mapato ya serikali kuu inalipwa kila robo mwaka, hawasubiri ufaulu kwanza. Tuliosoma nyumbani tuna nafuu moja ambayo tusiidharau: wenzetu wa Kimarekani wengi humaliza shule ya udaktari na deni la dola 200,000 hivi. Mimi nilikuja na begi.

Chukua vyumba viwili ndani ya ofisi ya mtu mwingine uanze. Mimi nilipanga sehemu kubwa mno, na kile chumba cha tatu kwa mwaka mzima kilikuwa stoo ya kigoda.

Wanachama wanatoka wapi? Nilidhani watatoka kanisani na msikitini, kwa sababu huko wananijua. Nilipima presha bure Jumapili kwa Jumapili. Watu walipanga foleni, wakanishukuru, wakanibariki, wakaenda zao. Upimaji wa bure huleta wapenzi wa upimaji wa bure. Walioleta maisha kwenye kliniki walikuwa madereva wa malori.

Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu sijaliona likiandikwa popote, na huku Texas ndugu zetu wengi, Wakenya, Wakongo, Wasomali, Warundi, wako barabarani. Dereva wa lori la biashara lazima awe na cheti cha afya cha kiserikali, kinachodumu miaka miwili kwa mwenye afya njema, na mara nyingi mwaka mmoja kwa mwenye presha. Cheti hicho kinatolewa tu na mtahini aliyefuzu mtihani na kuandikwa kwenye rejesta ya taifa. Nilisoma, nikafanya mtihani, nikaandikwa. Kipimo hicho dereva anakilipia fedha taslimu, hakina bima hata hospitalini, kwa hiyo hakuna wa kugombana naye. Alikuja mmoja, akasikia Kiswahili, akaniambia presha yake imepanda na akikosa cheti watoto hawali. Tulikaa saa nzima. Nikampangia dawa, nikamwambia anitumie vipimo kutoka barabarani kila asubuhi kwa simu. Cheti akapata. Mwezi huo huo alileta madereva wenzake, na wale wakaleta wake zao. Dereva mwenye lori lake mwenyewe hana mwajiri wa kumpa bima, hawezi kukaa foleni Jumanne saa tatu kwa sababu Jumanne yuko Oklahoma, na anachohitaji ni daktari anayepokea simu. Nilikuwa natafuta mteja wa bidhaa yangu kila mahali, kumbe yuko kwenye maegesho ya malori.

Ila mpaka wa leseni uuangalie. Leseni ya udaktari inahesabiwa pale mgonjwa alipo wakati mnazungumza. Dereva wangu akiwa Texas namtibu kwa simu. Akiwa amelala Tennessee, namsikiliza, namwelekeza kituo cha karibu, na mambo ya kuandika dawa mpya yanasubiri. Kuna wenzangu wanafumba macho kwa hili. Mimi siwezi, nimeitafuta leseni hii kwa machozi.

Watu wetu, sasa. Hapa nitasema ambayo wengine hawapendi kusikia. Utaombwa punguzo na kila mtu aliyewahi kula ubwabwa kwenye harusi uliyohudhuria. "Dokta, sisi ni wa nyumbani." Nilitoa punguzo kwa wa kwanza, wa pili akasikia, na baada ya miezi michache nilikuwa na bei tano tofauti na siri nyingi za kutunza. Nikafuta zote. Bei ni moja, imebandikwa ukutani kwa Kiswahili, Kifaransa, Kihispania na Kiingereza. Badala ya punguzo kuna nafasi chache ambazo mwanachama mwingine anaweza kumlipia mtu kimya kimya, na aliyelipiwa hajui nani kamlipia. Hizo hazikosi wafadhili. Sisi ni watu wa kuchangiana, lakini tunachangia vizuri zaidi jambo likiwa na jina na mwisho wake.

Mwenye watoto kwenye Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato cha chini, simsajilii watoto. Wana haki ya huduma bure mahali pengine, na kwangu si mahali pao, na sheria za kumtoza mwenye Medicaid zinatofautiana jimbo kwa jimbo. Asiyeweza ada kabisa nampeleka kwenye vituo vya afya vya jamii vinavyotoza kwa kadiri ya kipato. Mwanzoni nilikuwa natamani kila mmoja awe wangu. Texas ndiyo inayoongoza Marekani kwa kiwango cha watu wasio na bima, na haijaipanua Medicaid kwa watu wazima wenye kipato cha chini kama majimbo mengi yalivyofanya. Kliniki moja ya vyumba vitatu haiwezi kuziba pengo hilo, na ukijaribu utaifunga.

Simu nayo. Unauza kupatikana, basi watakutafuta. Nilianza kwa kutoa namba yangu ya WhatsApp. Usiku wa manane ikaja picha ya upele wa shangazi wa mtu aliyeko Morogoro. Sasa kuna namba ya kliniki yenye programu inayoingiza kila ujumbe kwenye faili la mgonjwa, kwa sababu ya sheria ya siri na kwa sababu ya usingizi. Baada ya saa mbili usiku mlio unaotoka ni wa dharura tu, na mkataba unaeleza dharura ni nini. Cha kushangaza, walivyojua nitajibu asubuhi, usiku walitulia wenyewe.

Kuna wanaojiunga wakiwa wagonjwa, wakapona, wakakata. Hawa hawaishi. Tiba yake ni ada ya kurudi: aliyeondoka akitaka kujiunga tena analipa miezi mitatu kwanza. Malipo yatoke benki au kadi moja kwa moja kila tarehe moja. Kudaiana ana kwa ana na mgonjwa kunaharibu udaktari wenyewe, utamwona anaficha maradhi kwa sababu ana deni.

Dawa: Texas, tofauti na majimbo mengi, hairuhusu daktari wa mjini kuuza dawa kliniki kwake. Wenzetu wa Kansas wananunua kwa jumla na kumpa mgonjwa kwa senti kadhaa kwa kidonge, na hicho ndicho kivutio chao kikubwa. Ukiona ushauri wa mtandaoni wa "fungua famasi yako ndani", uliza kwanza sheria ya jimbo lako. Mimi natafuta bei na mgonjwa akiwa amekaa mbele yangu. Kampuni ya Mark Cuban, Cost Plus Drugs, ambayo makao yake ni hapa Dallas, inauza kwa bei ya kununulia kuongeza asilimia 15, dola 5 za mfamasia na gharama ya kutuma. Walmart wana orodha yao ya dola 4 tangu 2006. Kwa presha na kisukari cha kawaida huwa tunafika mahali pazuri. Vipimo vya maabara nimefunga mkataba nanunua mimi, na mwanachama analipa bei ile ile niliyonunulia. Kipimo cha mafuta ya damu ni dola chache. Siku ya kwanza kumwonyesha mtu risiti hiyo akiwa ameshika bili yake ya zamani ya kipimo kile kile, hutahitaji tangazo lingine.

Lililonielemea kuliko yote ni kwamba hii si bima. Nilikuwa nalisema, mkataba unalisema, ukuta unalisema. Lakini mtu anapolipa kila mwezi, moyoni anahisi amefunikwa. Mwanachama wangu mmoja, baba wa watoto wadogo, asiye na bima, alinipigia maumivu ya kifua akiwa nyumbani. Nilimwambia mkewe apige 911. Moyo ulizibuliwa, akapona, bili ikaja na tarakimu nyingi kuliko nilizowahi kuona kwenye karatasi moja. Akaniuliza kwa upole, bila lawama: "Dokta, na ile ada yangu?" Sikulala vizuri kwa siku nyingi.

Tulipambana nayo. Hospitali zisizo za kibiashara zinalazimika kisheria kuwa na sera ya msaada wa kifedha kwa wasio na uwezo, na nyingi hazikupi fomu usipoiomba. Tuliiomba, tukaijaza mimi na mkewe mezani kwangu, na bili ikashuka hadi kiasi kinacholipika. Tangu hapo hakuna anayesajiliwa bila mazungumzo marefu juu ya siku ya kulazwa. Namuuliza: ukipasuliwa kesho, nani analipa? Asiye na jibu namuunganisha na mshauri wa soko la bima, atafute yenye ada ndogo hata kama kiasi cha kujilipia mwanzoni ni kikubwa, ya kumkinga na janga. Baadhi wakisikia gharama ya vyote viwili wanaondoka bila kujisajili. Waache waondoke.

Waajiri wadogo nao wameanza kubisha hodi. Zamani akaunti ya akiba ya matibabu, ile HSA isiyokatwa kodi, ilikuwa haipatani na kliniki za ada: mtu akijiunga kwetu alionekana ana mpango wa pili wa afya. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imeliondoa tatizo hilo kuanzia Januari 2026, mradi ada isizidi dola 150 kwa mtu au 300 kwa familia kwa mwezi, na fedha ya akaunti hiyo inaweza kulipia ada. Wahasibu wa kampuni za ujenzi na malori wameliona haraka. Nawakaribisha, ila sikubali mwajiri mmoja awe na zaidi ya sehemu ya tano ya wanachama wangu. Qliance ya Seattle, kampuni ya kliniki kama hizi iliyokuwa kubwa kuliko sisi wote na yenye fedha za mabilionea akina Jeff Bezos na Michael Dell, ilifungwa mwaka 2017. Turntable Health ya Las Vegas ilifungwa mwaka huo huo. Mimi sina Bezos. Mwenye malori 40 akiamka vibaya siku moja akavunja mkataba, nataka kesho yake niweze kulipa pango.

Hivi sasa nimesimamisha usajili wa watu wazima wapya, orodha imejaa kwa daktari mmoja. Chumba cha tatu kiko wazi na kigoda bado kipo. Natafuta daktari wa familia anayezungumza Kiswahili, mwenye kadi ya kijani mkononi, ambaye kiapo chake cha Medicare bado kiko kwenye droo.